Katuni ya kompyuta, majina ya mwisho hayaishi: watu wote hawa wanafanya nini?

Mama Nuru Cherehani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Sare za shule ndizo zinanilipia kodi, magauni ya harusi ni ya msimu. Kompyuta naijua ile ya steshenari ninapokwenda kutoa kopi, basi.

Binti yangu wa kwanza kamaliza kidato cha sita na amekomaa anataka Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, pale CIVE kwenye ndaki yao ya kompyuta, kozi ya multimedia na animesheni. Baba yake mdogo ndiye aliyeahidi kutushika mkono kwenye ada. Alipoambiwa jina la kozi akauliza, "Hizo katuni si zinatengenezwa na kompyuta? Sasa yeye atakuwa anafanya nini, kuiwasha?" Binti akajibu vibaya, mzee akanuna, mimi nikabaki katikati.

Jumapili watoto wakaweka Coco, ile katuni ya mifupa ya Mexico, walijaziwa kwenye flashi duka la muvi. Mimi nilikuwa natia vifungo mashati ya sare. Ilipoisha wakataka kuzima, nikawaambia acheni kwanza nione walioitengeneza. Jamani! Majina yalipanda mpaka nikamaliza shati, nikashika la pili, bado yanapanda. Na mengine yamebanwa madogo madogo, mstari mmoja watu kibao.

Kwa hiyo swali la shemeji naliuliza tena, ila mimi kwa nia njema. Kama kazi ni ya kompyuta, wale wote wanafanya nini? Sitaki orodha ya vyeo. Nataka mtu aniambie fulani akifika kazini asubuhi anashika nini. Na mtoto wa Dodoma anaingilia wapi hapo? Kiswahili tafadhali, maana nitamsomea shemeji.

Mlalahoi wa Nkuhungu

Nusu yao ni mashemeji wa mwenye kampuni, wamewekwa ili wasinune.

Natania mama. Nimeweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Fundi Mifupa

Shikamoo mama. Kazi hii nimeifanya Nairobi kabla ya kurudi nyumbani, sasa nipo Nzuguni napokea kazi kwa intaneti. Nitaeleza kwa ninavyoiona nikiwa kwenye kiti changu, wengine wataongezea.

Mwambie shemeji kompyuta haijui kitu. Ukifungua programu ya katuni unakuta uwanja mtupu wa kijivu. Hakuna ardhi, hakuna jua, hakuna hata kile kinachofanya kitu kianguke ukikiachia. Mtu anayepiga filamu ya kawaida pale Nyerere Square anapewa bure mti, kivuli cha mti, upepo, na muuza karanga anayepita nyuma bila kuombwa. Sisi hatupewi bure hata kivuli. Kila kilichoonekana kwenye Coco, hadi uchakavu wa kona ya meza, kuna mtu aliulizwa kiwe cha namna gani, akakitengeneza, akarudishiwa, akakitengeneza tena.

Sasa mimi ninashika nini asubuhi. Kuna mwenzangu anachonga mwili wa mhusika kwenye kompyuta. Akimaliza ni sanamu: mikono imenyooka pembeni, macho mbele, halina uhai. Mimi ndiye ninayeliwekea mifupa na viungo ndani, halafu naweka vishikio vya kulichezeshea. Goti ni rahisi. Bega linanitoa jasho, kwa sababu bega la binadamu haliendi upande mmoja. Ukiinua mkono mpaka juu, ngozi ya kwapa, kifua na mgongo vyote vinasogea, na ukikosea mhusika anaonekana kavunjika. Uso ndio kazi kubwa zaidi. Woody, yule mdoli wa katuni ya Toy Story, na ile ni ya 1995, alikuwa na vishikio zaidi ya 700, na zaidi ya 200 vilikuwa vya uso peke yake. Mimi nikishamaliza sichezi naye. Namkabidhi animeta.

Animeta ndiye mwigizaji. Anajirekodi kwa simu akiinuka kwenye kiti, anaangalia uzito umehamia mguu gani kwanza, halafu anamsogeza mhusika kidogo kidogo. Kwenye filamu kubwa animeta mmoja anatoa kama sekunde tatu au nne kwa wiki. Sekunde, mama. Filamu ya dakika 90 ina sekunde 5,400. Mpe mtu mmoja sekunde nne kila wiki, wiki 50 kwa mwaka: atamaliza baada ya miaka 27, na hapo nimehesabu kama vile kwenye picha kuna mhusika mmoja tu. Shemeji akitaka sababu ya majina mengi, aanze na hiyo.

Wengine nawapitia haraka. Wapo wachoraji wa hadithi wanaochora filamu nzima kwa penseli au kalamu ya kompyuta kabla ya yote, wanaweka sauti zao wenyewe za muda, watu wanaangalia, halafu sehemu kubwa inatupwa. Wapo wa rangi na ngozi ya juu: ukuta uwe wa udongo au saruji, umelowa au umekauka. Wapo wa nywele. Merida wa filamu ya Brave, 2012, alipangiwa mikunjo ya nywele zaidi ya 1,500, na ndiyo iliyozaa nywele takriban 111,000. Wapo wa moshi, maji na vumbi. Wapo wa taa, ambao bila wao kila kitu kinaonekana kama picha ya pasipoti.

Mwisho ndipo kompyuta inafanya kazi peke yake kweli: kurenda, yaani kukokotoa mwanga wa kila picha. Sekunde moja ni picha 24, hivyo dakika 90 ni picha 129,600. Picha moja ikichukua saa moja kwenye mashine moja, ni karibu miaka 15 mashine haijazimwa. Ndiyo maana Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilitumia mashine 117 kurenda picha zake 114,240. Na hata hapo kuna watu wa zamu ya usiku wanaoangalia mashine ipi imegoma.

Mama Nuru Cherehani

Marahaba mwanangu. Hiyo ya miaka 27 nimemsomea shemeji, kaniambia nirudie, akachukua simu ahesabu mwenyewe.

Ila mmenipita kwenye nguo. Yule bibi wa kwenye Coco ana gauni refu, akigeuka pindo linachelewa kidogo halafu linafuata. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, nikajua aliyelifanya anajua kitambaa. Nguo nazo zinachorwa tu, au?

Fundi Mifupa

Mama, hapo umegusa kwenu kabisa.

Hazichorwi. Zinakatwa na kushonwa. Wapo watu ambao kazi yao kwenye filamu ni ushonaji, na studio kubwa zina timu nzima ya hilo. Anafungua programu, analaza pande la mbele, pande la nyuma, mikono, kola, vyote vikiwa bapa kama ulivyozoea kwenye meza ya kukatia. Anaonyesha ukingo upi uungane na upi. Anapanga pande kuzunguka mwili wa mhusika, anabonyeza, mshono unajivuta na kitambaa kinaangukia mwilini. Akikata shingo vibaya, inakaa vibaya, sawasawa na ya kwako.

Halafu anaiambia kompyuta kitambaa ni cha aina gani: kizito kiasi gani, kinavutika upande gani, kinakunjika kirahisi au kinagoma. Satini na khaki ya sare ni namba tofauti. Hilo pindo linalochelewa kufuata ni mtu aliyecheza na namba hizo mpaka bibi akaonekana amevaa nguo nzito.

Na kila kipande cha filamu ni ugomvi mpya. Mhusika akikumbatiwa, kitambaa kinabanwa pande mbili, kompyuta inachanganyikiwa na nguo inaingia ndani ya ngozi. Kwenye Coco walikuwa na balaa la pekee: wahusika ni mifupa, hakuna nyama ya kushikilia nguo, kitambaa kikawa kinanasa kwenye mbavu. Watu walikaa kutatua hilo tu. Wenzao wa Toy Story, 1995, walikwepa, mojawapo ya sababu za kuchagua midoli ni kwamba plastiki ilikuwa inawezekana na nguo na nywele za watu zilikuwa mtihani.

Kuna kazi tuliifanya ya bibi aliyejifunga kanga. Pale ofisini vijana wote wajuzi wa kompyuta, hakuna aliyejua kanga inashikaje kiunoni bila kifungo. Kila bibi akitembea, kanga inateremka. Mwisho akaitwa mama aliyekuwa anatupikia, akajifunga mbele yetu taratibu, tukamrekodi anavyokunja na kusokomeza. Jioni hiyo kanga ikatulia. Jina lake halikuwekwa mwisho wa filamu, na mpaka leo linaniudhi.

Binti aliyekulia chini ya meza yako ya kukatia ana kitu ambacho wanafunzi wenzake watakuwa wanakitafuta kwenye video za YouTube.

Zeze la Chamwino

Nami nichomekee. Wote mnazungumzia macho.

Filamu ya kamera inakuja na sauti, hata kama ni mbaya. Katuni ya kompyuta inatoka bubu kabisa. Nyayo, kitasa, nguo inayosuguana, mate yanayomezwa, vyote vinawekwa na watu. Sauti za wahusika hurekodiwa kwanza, mara nyingi kila mwigizaji peke yake kwenye chumba, na animeta anafuata pumzi yake. Halafu kuna mtu anayeingia na viatu vya kila aina anatembea juu ya mchanga, mbao na kokoto huku anaangalia picha, akikanyaga pale mhusika anapokanyaga. Fundi wa sauti Ben Burtt alipotengeneza sauti za katuni ya WALL·E, ya 2008, alitumia jenereta ya kuzungusha kwa mkono kupata mwendo wa yule roboti.

Mimi narekodi ngoma. Muheme za akina mama wa Kigogo, ilimba, zeze, waimbaji wa nindo. Nawaambieni hakuna maktaba ya sauti ya mtandaoni yenye upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane ukipita kwenye mabua ya uwele. Nimetafuta. Upo wa jangwani, upo wa baharini, wa kwetu haupo. Nuru akitengeneza katuni ya huku, aje nimpe.

Mwana CIVE

Shikamoo mama. Mimi nasoma pale pale anapotaka kuja binti yako.

Naona wakubwa wanawatisha. Si lazima watu mia tano. Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza filamu ndefu nzima, Away, peke yake: hadithi, picha, mpaka muziki. Ilitoka 2019. Iliyofuata, Flow, aliifanya na timu ndogo kwa Blender, programu ya bure ambayo hata mimi ninayo kwenye laptopu hii, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya katuni mbele ya studio zenye majengo yao. Binti asisubiri Marekani.

Fundi Mifupa

Mwana CIVE, sikupingi, ila iangalie Flow kwa jicho la fundi. Wahusika ni paka, mbwa, ndege na wanyama wengine. Hawasemi, kwa hiyo hakuna midomo ya kulinganisha na maneno. Hawajavaa, kwa hiyo hakuna mshonaji. Hakuna mji wenye watu elfu wanaotembea nyuma. Kila alichokiacha jamaa ni idara aliyoifuta, na hadithi ikabaki na nguvu kwa sababu aliipanga tangu mwanzo isihitaji hivyo vitu. Hicho ndicho kipaji. Vijana wetu wengi wanaanza na vita ya majeshi mawili, wahusika mia, wote wana makanzu. Wanaishia sekunde 12 za kuweka Instagram.

Dada wa Ratiba

Mama Nuru, wifi yangu, mimi si msanii hata kidogo. Sijui kuchora hata kikombe. Lakini nimekula mshahara wa katuni Dar, na jina langu lilipita mwisho.

Kati ya yale majina uliyoyaona, wengi ni sisi. Asubuhi nashika jedwali. Kipande namba fulani kipo kwa nani, kilitakiwa kutoka jana, mbona hakijatoka, mtu wa taa anakisubiri, asipokipata leo anakaa bure na mshahara unatembea. Nazunguka meza hadi meza. Wananichukia mpaka Ijumaa. Ukiondoa mtu wa ratiba, wasanii hamsini wanageuka hamsini wanaosubiriana. Kuna wa mikataba, wa mishahara, wa kutunza mafaili.

Hao wa mafaili msiwacheke. Mwaka 1998 Pixar, studio ya hizo Toy Story, walikuwa katikati ya Toy Story 2, mtu akatoa amri kimakosa kwenye mfumo, filamu ikaanza kufutika mbele ya macho yao, mhusika mmoja mmoja. Wakakimbilia nakala za akiba, kumbe nazo hazikuwa zinafanya kazi. Aliyeokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifungia mablanketi wakaiendesha mpaka ofisini polepole. Mama mwenye mtoto mchanga, jamani.

Na ukirudia kuangalia, zile filamu mara nyingi zina orodha ya watoto waliozaliwa wakati kazi inaendelea. Ilianzia kwenye Toy Story ya kwanza. Filamu moja inachukua miaka, watu wanaoa, wanazaa, kazi bado.

Kuhusu mtoto wa Dodoma anaingilia wapi: si lazima aanzie kwenye filamu ndefu. Ubongo Kids ya Dar ilianza kurushwa 2014 na watoto wetu wanaijua. Tinga Tinga Tales, yenye sura ya michoro ya Edward Saidi Tingatinga wetu, ilitengenezwa Nairobi. Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi wa 2023, ilikusanya waongozaji wa nchi kadhaa za Afrika. Mbali na hapo kuna kazi zisizo na jina: matangazo ya chanjo, video za kilimo, picha za majengo ambayo hayajajengwa. Huku kwenu, na Mji wa Serikali pale Mtumba, za majengo hazikosekani. Hazina sifa lakini zinalipa kodi, kama sare zako.

Mlalahoi wa Nkuhungu

Nimekuja kucheka nimebaki kusoma. Yaani mimi kwenye kibanda umiza majina yakianza tu tunapiga mluzi wabadilishe.

Mama Nuru Cherehani

Nimesoma yote, mengine kwa sauti. Shemeji kasikiliza kanga, kasikiliza ya mama na mtoto mchanga. Hajasema ndiyo. Ila kauliza kompyuta ya kozi hiyo ni shilingi ngapi, na mimi namjua, akiuliza bei ameshalainika. Nimjibu nini? Na umeme huu wa kukatika, picha laki moja si zitapotea zote?

Nuru naye kaniomba nimfundishe kukata kola, kitu alichonikimbia tangu darasa la saba.

Fundi Mifupa

Mama, mwambie shemeji asinunue kitu kwa sasa. Mwaka wa kwanza kuna maabara ya chuo, na Nuru bado hajui atapenda upande gani. Wa kuchora na wa nguo wanahitaji mashine tofauti na mtu wa kurenda. Wakifika mahali pa kununua, wasidanganywe na uzuri wa kioo au wembamba. Waulizie kumbukumbu, yaani RAM, isiwe chini ya GB 16, na kadi ya picha inayojitegemea. Ya mezani iliyotumika, ikikaguliwa na mtu anayejua, inawashinda wengi wenye laptopu mpya ya bei hiyo hiyo. Mnichukue mimi au huyo Mwana CIVE tukaikague.

Umeme usimtishe. Hatutoi filamu kama video moja. Kila picha inahifadhiwa faili lake peke yake, ikiwa imeshakamilika imekamilika. Umeme ukikatika kwenye picha ya 312, ukirudi unaanzia 312. Kinachouma ni kazi ambayo hujaihifadhi, na hapo anunue ile betri ya kushikilia umeme dakika chache ili aweze kuhifadhi na kuzima. Na nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine kabisa, kwa shemeji mwenyewe ikibidi, awe na sehemu yake kwenye kazi.

Hiyo kola mfundisheni. Ukimkatia gauni la mfano, apige picha kila pande likiwa limelazwa mezani kabla hujaliunga, na futi kamba ionekane pembeni. Achore mwelekeo wa uzi wa kitambaa kwa chaki. Akija na picha hizo Jumamosi, tutazikata upya kwenye kompyuta tuone kama gauni litamkaa mhusika kama linavyomkaa mteja wako.

Mama Nuru Cherehani

Atakuja, na mdogo wake atamsindikiza. Hilo gauni litakuwa la solo, maana la marinda sitaki akuchoshe siku ya kwanza.